Kompyuta Iliyozimwa Bado Ina Umeme

Ndugu mafundi, ndugu wanafunzi wa ufundi, habari za asubuhi, na asanteni kwa kufika.

Fundi wa kompyuta akipigwa na umeme, ni nadra kukuta kwamba hakujua umeme unaua. Alijua. Shida ni kwamba aliamini umeme haupo pale alipogusa. Alibonyeza kitufe, feni ikasimama, skrini ikawa nyeusi, akaingiza mkono. Kwa hiyo leo sikuja kuwatisha. Nataka tuufuate umeme wenyewe kuanzia kwenye soketi ya ukutani hadi ndani ya betri, tuone unabaki wapi wakati mtu anadhani umeshaondoka, na tunathibitishaje kwa mita badala ya kukisia.

Chukueni kompyuta ya mezani iliyozimwa vizuri kabisa, lakini plagi yake bado iko kwenye soketi. Pawa saplai ndani yake, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo, inaendelea kufanya kazi. Kwenye ile konekta kubwa ya pini 24 kuna waya wa zambarau, na huo unapeleka volti 5 kwenye mothabodi, ile bodi kuu, saa zote. Ndiyo maana kitufe kidogo cha mbele kinaweza kuiamsha mashine. Sasa fundi akichomoa RAM, yaani kadi ya kumbukumbu, au kadi nyingine wakati huo, anachomoa kitu kwenye bodi iliyo hai. Pini za RAM zimekaribiana mno. Ikitoka kwa kuinama upande mmoja, pini yenye umeme inaweza kugusana na pini ya data, na kipuri kilichokuwa kizima kikafa mkononi mwake bila hata cheche kuonekana.

Swichi ya nyuma ya pawa saplai, ile yenye alama ya I na O, inasaidia zaidi, lakini nyingi zinakata waya mmoja tu. Soketi ikiwa imefungwa kinyume, swichi hiyo itakuwa inakata nyutro, waya unaorudisha umeme, huku waya wa moto, ule unaouleta, ukibaki umeingia ndani. Kukata kwa uhakika ni kuchomoa plagi na kuiweka mahali unapoiona, ili mtu mwingine asiichomeke akidhani anakusaidia. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10. Utaona taa ndogo ya mothabodi inafifia na kuzimika. Hapo kapasita (vipuri vinavyohifadhi umeme) za upande wa volti ndogo zimejimaliza. Sasa unaweza kushika RAM. Lakini kumbuka, hilo halikupi ruhusa ya kufungua pawa saplai yenyewe. Huko tutafika.

Hesabu kidogo kwanza, maana bila hizi mtu hubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Volti ni msukumo wa umeme kati ya nukta mbili. Ampea ni kiasi cha mkondo unaopita. Omu ni ukinzani wa njia inayopitiwa. Gawanya volti kwa omu, unapata ampea. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati. Adapta ya laptopu iliyoandikwa volti 19 na ampea 3.42 ni ya wati 65, na mteja akikuletea nyingine ya volti 19 na ampea 4.74, yaani wati 90, akiuliza kama itaunguza mashine yake, jibu ni hapana. Volti lazima zilingane; ampea za adapta ni uwezo wake wa juu, na laptopu huchukua kiasi inachohitaji tu. Kinyume chake ndicho kibaya: adapta ya wati 45 kwenye laptopu inayotaka 65 itachemka, au laptopu itapunguza kasi na kukataa kuchaji. Kabla ya kuchomeka, tazama pia ule mchoro mdogo kwenye lebo unaoonyesha kama chanya iko katikati ya pini au nje. Ikiwa kinyume, unaweza kuua bodi mara moja.

Hesabu hiyohiyo inauhusu mwili wako. Ngozi kavu inaweza kuwa na ukinzani wa makumi ya maelfu ya omu. Ikilowa jasho, au ikichubuka, mwili mzima hushuka hadi karibu omu 1,000. Gawanya volti 230 kwa 1,000: unapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Sasa linganisheni. Mtu huanza kuhisi umeme kwenye miliampea 1 hivi, au hata chini ya hapo. Ukipita miliampea 10, misuli ya kiganja inajikaza na mtu anashindwa kuachia alichoshika. Kuanzia miliampea 50 hadi 100, mkondo ukipita kifuani kwa muda wa sekunde moja hivi, moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo. Nchi zinazotumia volti 120 haziko salama sana kwa hesabu hii; miliampea 120 bado ziko ndani ya eneo la kifo.

Ndiyo maana sipendi kusikia fundi akisema, "Breka itakata." Breka ya ampea 16 inasubiri miliampea zaidi ya 16,000 ndipo ikate. Kazi yake ni kulinda nyaya za ukutani zisiungue. Inayomlinda mtu ni ile tunayoiita RCD, ambayo inalinganisha mkondo unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, inajua kuna umeme unaovuja kwenda ardhini, pengine kupitia mtu, na inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kila meza ya ufundi inapaswa kuwa nyuma ya RCD ya miliampea 30, na kitufe chake cha jaribio kibonyezwe mara kwa mara, kwa sababu kifaa kisichotikiswa miaka mingi kinaweza kukwama. Nayo ina mipaka. Ukishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, RCD inaona mkondo uliokwenda ndio uliorudi, na inakaa kimya. Na haijui lolote kuhusu umeme uliohifadhiwa ndani ya kapasita.

Sasa erthi, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Hapa nataka tukae, kwa sababu malalamiko ya "kompyuta yangu ina shoti" huishia kwa mteja kuuziwa pawa saplai mpya ambayo haitibu chochote.

Kwenye mlango wa pawa saplai, umeme unapoingia, kuna kichujio cha kuzuia kelele za umeme. Ndani ya kichujio hicho kuna kapasita mbili ndogo, kwa kawaida za rangi ya samawati, za nanofaradi chache tu (faradi ni kipimo cha uwezo wa kapasita). Moja inatoka waya wa moto hadi kwenye kasha la chuma. Nyingine inatoka nyutro hadi kwenye kasha hilohilo. Waya wa erthi ukiwepo, mkondo mdogo unaopita hapo unateremka ardhini na hakuna anayeuhisi. Waya wa erthi usipokuwepo, kapasita hizo mbili zinagawana volti za soketi nusu kwa nusu, na kasha linakaa katikati. Kwenye umeme wa volti 230, mita itakuonyesha karibu volti 115 kati ya kasha na ardhi. Mkondo wenyewe ni mdogo, sehemu tu ya miliampea kwa kapasita za nanofaradi 4.7, kwa hiyo mtu anahisi kuchonyotwa anapopitisha mkono kwenye skrubu au kwenye ukingo wa chuma, hasa akiwa peku.

Pawa saplai hiyo ni nzima. Ukiweka mpya, nayo ina kapasita zilezile, na mteja atarudi. Kilichoharibika ni njia ya ardhi: kebo, plagi, soketi au nyaya za jengo. Na madhara hayaishii kwenye kuchonyotwa. Ikitokea siku moja waya wa moto ukachubuka na kugusa kasha, hakuna erthi ya kuchukua mkondo mkubwa na kuifanya breka ikate. Kasha linabaki na volti 230 kamili likimsubiri mtu. Pia kuna milango ya data. Kompyuta isiyo na erthi ikiunganishwa kwa kebo ya HDMI na runinga au projekta yenye erthi, chaji iliyo kwenye kasha inatafuta ardhi kupitia pini yoyote itakayogusana kwanza. Hapo mlango wa HDMI unaweza kufa, na fundi asipojua sababu atabadilisha bodi, aunganishe tena, aue mlango wa pili. Hadi erthi irekebishwe, unganisha kebo za picha na za mtandao vifaa vyote vikiwa vimechomolewa kwenye umeme.

Kupima erthi ni kazi ya dakika chache. Anza na kebo na kasha, mashine ikiwa imechomolewa. Weka mita kwenye omu, gusanisha ncha zake mbili na usome ukinzani wa nyaya za mita zenyewe, tuseme 0.3. Kisha ncha moja iguse pini ya erthi ya plagi, nyingine iguse skrubu isiyopakwa rangi nyuma ya kasha. Ukitoa ile 0.3, kinachobaki kinapaswa kuwa chini ya omu 1. Kunja kebo karibu na plagi huku ukisoma. Namba ikirukaruka, waya umekatika ndani, na kebo hiyo ikatwe vipande kabla ya kutupwa ili asije akaiokota mtu na kuitumia.

Kwenye soketi, weka mita kwenye volti za AC (umeme wa ukutani, unaogeuka mwelekeo), kipimo cha juu, ufanye vipimo vitatu. Kati ya moto na nyutro utapata volti za mtandao. Kati ya moto na erthi utapata karibu namba hiyohiyo. Kati ya nyutro na erthi utapata volti chache tu. Moto na erthi zikionyesha sifuri au namba inayoelea isiyotulia, erthi haipo. Nyutro na erthi zikionyesha volti 230, nyaya zimebadilishana nafasi. Lakini vipimo hivi havigundui nyutro na erthi zilizobadilishana kati yao, wala havikuambii kama erthi inaweza kubeba mkondo mkubwa; hilo ni la fundi umeme mwenye vifaa vyake, na ukiona dalili mwite.

Kuna dawa moja ya njia ya mkato ambayo naomba isifanywe na yeyote aliye hapa: kuunganisha erthi na nyutro ndani ya plagi ili "kuondoa shoti". Kuchonyotwa kutakoma, ni kweli. Siku nyutro itakapokatika mahali popote kabla ya soketi hiyo, kasha litapanda hadi volti zote 230 kupitia mashine yenyewe. Umeondoa onyo na kuweka mtego.

Adapta nyingi za laptopu zenye pini mbili ni jambo tofauti. Tafuta kwenye lebo alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake ina kinga mara mbili na haihitaji erthi. Laptopu ya mwili wa chuma inaweza kuchonyota kidogo ikiwa kwenye adapta ya namna hiyo, kutokana na kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa volti 19. Adapta halisi imepunguza mkondo huo hadi kiwango salama. Adapta bandia haina ahadi hiyo. Nyingine hutumia kapasita ya kawaida mahali pa ile maalumu, na ikipasuka kwa ndani, umeme wa ukutani unaingia moja kwa moja kwenye laptopu.

Haya, pawa saplai yenyewe. Maoni yangu ni kwamba fundi anayejifunza aibadilishe nzima, asiifungue. Atakayeifungua ajue anakutana na nini. Umeme wa AC wa volti 230 ukigeuzwa kuwa DC, yaani wa mwelekeo mmoja, unafika kilele cha volti 325, na kwenye pawa saplai za kisasa zenye saketi ya kurekebisha kipengele cha nguvu, hupandishwa hadi volti 380 au 400. Umeme huo unahifadhiwa kwenye kapasita kubwa, lile kopo jeusi au la rangi nyingine lililoandikwa volti 400, 420 au 450. Kapasita ya mikrofaradi 330 kwenye volti 390 ina joule 25. Hiyo inatosha kuyeyusha ncha ya bisibisi, na inatosha kumuumiza vibaya mtu.

Na jambo hili mlishike: pawa saplai iliyokufa ndiyo ya kuogopwa zaidi. Iliyo nzima, ukiichomoa, mzigo wake unaendelea kunyonya umeme wa kapasita kwa muda mfupi hadi iishe. Iliyokufa sehemu yake ya kubadilishia umeme haina cha kuinyonya. Zipo rezista (vipuri vya ukinzani) za kuimaliza pole pole, lakini nazo zinaweza kuwa zimekatika, na kwa macho huoni.

Utaratibu ni huu. Chomoa, subiri angalau dakika 10, ndipo ufungue skrubu. Ukishafungua usiguse vile vipande vya alumini vya kupozea. Vya upande wa umeme mkubwa vinaweza kuwa vimeungwa na umeme huo moja kwa moja. Vua saa na pete. Tumia mkono mmoja, mwingine uweke nyuma ya mgongo, ili mkondo usipate njia ya kutoka mkono hadi mkono kupitia kifua. Pima kwanza mita yako kwenye chanzo unachojua kina umeme, kwa sababu mita yenye waya uliokatika nayo husoma sifuri. Weka kwenye volti za DC, kipimo cha 600 au 1,000, kisha pima miguu miwili ya kapasita kubwa. Ukikuta umeme, tumia rezista ya kiloomu 10 na wati 10 yenye nyaya zilizofunikwa hadi karibu na ncha, uishikilie kwenye miguu hiyo kwa sekunde 20. Hesabu yake ni omu 10,000 mara mikrofaradi 330, unapata sekunde 3.3, baada ya mara tano ya muda huo, volti zinakuwa zimebaki chini ya asilimia 1. Pima. Subiri dakika moja, pima tena, maana kapasita kubwa huweza kurudisha volti kidogo yenyewe. Kisha rudi uipime mita kwenye kile chanzo cha mwanzo. Pawa saplai za zamani zina kapasita mbili za volti 200. Maliza kila moja kivyake.

Wengine huimaliza kapasita kwa kugusisha bisibisi kwa sababu ni haraka. Cheche yake hurusha chembe za chuma kilichoyeyuka machoni, huchoma njia za shaba kwenye bodi na huharibu kapasita yenyewe. Rezista moja inakaa mfukoni.

Pawa saplai hizo za zamani pia zina swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ukachomeka kwenye volti 230, saketi inazidisha mara mbili na kapasita zile za volti 200 kila moja inajikuta imebeba zaidi ya 300. Zinapasuka kwa kishindo. Itazame swichi hiyo kabla ya kuchomeka mashine yoyote iliyosafiri kutoka nchi nyingine.

Fyuzi ya ndani ikiwa imekatika, tazama kioo chake. Kioo safi chenye uzi uliokatika tu huenda kilichoshwa na muda. Kioo kilichopakwa weusi au fedha kwa ndani kinasema kulikuwa na shoti kubwa: pima daraja la dayodi na transista kubwa kabla ya kuweka nyingine, la sivyo nayo itakatika papo hapo. Usiweke waya mahali pa fyuzi. Ukishamaliza matengenezo, washa mara ya kwanza kupitia balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 60 au 100, iliyofungwa kwa mfuatano kwenye waya wa moto. Balbu ikiwaka kidogo kisha ikafifia, vizuri. Ikibaki inang'aa, bado kuna shoti, na balbu imekuokolea transista. Lakini balbu hailindi mwili. Kila kitu ndani bado kina umeme wa ukutani.

Kupima pawa saplai bila kuifungua ni rahisi na kunatosha kwa kazi nyingi. Ikiwa nje ya mashine, unganisha waya wa kijani kwenye konekta ya pini 24 na waya wowote mweusi, feni itaanza. Weka mzigo kidogo, hata diski moja kuukuu, kwa kuwa baadhi hazitulii zikiwa tupu. Ncha nyeusi ya mita iwe kwenye waya mweusi. Njano iwe kati ya volti 11.40 na 12.60. Nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Machungwa kati ya 3.14 na 3.47. Zambarau kati ya 4.75 na 5.25 hata kabla ya kuwasha. Buluu ni hasi 12, nayo inaruhusiwa kuyumba asilimia 10. Kijivu kinapaswa kupanda hadi karibu volti 5 chini ya nusu sekunde baada ya kuwasha. Kikibaki chini, mothabodi haitaanza hata kama volti nyingine zote ni nzuri. Na volti nzuri bila mzigo si uthibitisho wa mwisho: mashine inayojizima michezo ikianza, pima njano ikiwa ndani ya mashine na kazi nzito inaendelea. Ikishuka hadi 11.2, umeshapata mkosaji.

Kuhusu mita, kosa moja lina gharama kubwa kuliko yote. Mtu anapima ampea, anahamishia waya mwekundu kwenye tundu la 10A, anamaliza, anasahau kuurudisha. Kesho yake anapima soketi. Tundu la ampea kwa ndani ni kama waya mtupu, kwa hiyo ameunganisha moto na nyutro kwa ncha alizoshika mikononi. Mita nzuri yenye fyuzi maalumu itakata. Mita hafifu inaweza kulipuka. Zoea kurudisha waya kwenye tundu la volti kila unapomaliza, na kwa umeme wa ukutani tumia mita iliyoandikwa angalau CAT II volti 600, alama ya kiwango chake cha usalama. Wala usipime omu kwenye saketi yenye umeme.

Mpaka hapa tumesema umeme unavyokuumiza wewe. Wewe nawe unaumiza kifaa. Mtu huanza kuhisi cheche ya umemetuli, ule umeme unaojikusanya mwilini, inapofika karibu volti 3,000, ilhali baadhi ya chipu huharibika kwa volti 100 au chini ya hapo. Maana yake unaweza kuua kipuri bila kuhisi chochote, au ukakijeruhi kikafanya kazi wiki kadhaa ndipo kife. Vaa mkanda wa kifundo cha mkono, ubane klipu yake kwenye chuma kisicho na rangi cha kasha, mashine ikiwa imechomolewa. Mkanda halisi una rezista ya megaomu 1 ndani yake; upime. Ukikuta omu sifuri, ni waya tu, na ukigusa umeme utakuwa umejifunga ardhini wewe mwenyewe. Vua mkanda huo kabla ya kukaribia pawa saplai iliyofunguliwa au kitu chochote chenye umeme wa ukutani. Vumbi litolewe kwa blowa huku umeizuia feni kwa kidole au kijiti, kwa sababu feni ikizungushwa kwa kasi inaweza kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye bodi.

Laptopu haina kitufe cha kuikata betri yake kwenye bodi. Ukishafungua mfuniko wa chini, kazi ya kwanza kabisa ni kuchomoa konekta ya betri kwa kijiti cha plastiki. Wanaoruka hatua hii huumizwa zaidi na kebo ya skrini. Kwenye konekta yake ya pini 30 au 40, pini zenye volti za kuwasha taa ya nyuma ziko hatua chache tu kutoka pini za data zinazokwenda kwenye chipu ya picha. Kebo ikiingizwa kwa kupinda wakati betri imeunganishwa, volti hizo zinarukia data, na bodi imekwenda kwa kosa la sekunde moja.

Betri ya lithiamu iliyovimba isichajiwe, isibonyezwe, isitobolewe ili "kutoa hewa". Ndani yake kuna gesi inayowaka, na kila seli iliyojaa ina volti 4.2 ziko tayari kutoka kwa mkupuo. Ikiwa imegandishwa kwa gundi, legeza kwa matone ya pombe ya isopropili na kadi ya plastiki, polepole, bila chuma. Iweke nje kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na vitu vinavyowaka, hadi ipelekwe kwa wanaopokea taka za kielektroniki.

UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, nayo huwadanganya wengi. Ukiichomoa ukutani inafanya kile ilichotengenezwa kufanya: matundu yake yanaendelea kutoa volti 230 kutoka kwenye betri, na sasa hata erthi haina. Izime kwa kitufe chake, ichomoe, kisha toa waya mmoja wa betri kabla ya kugusa bodi. Kwenye UPS nyingi saketi ya betri haijatenganishwa na umeme wa ukutani, kwa hiyo usiguse vichwa vya betri ikiwa imechomekwa, hata kama betri imeandikwa volti 12 tu. Na pete kidoleni ikigusanisha chanya na hasi ya betri hiyo, inageuka nyekundu ikiwa bado imo kidoleni.

Skrini za zamani za bomba la kioo zina volti 20,000 hadi 30,000 kwenye kile kifuniko cha mpira ubavuni mwa bomba, na zinaweza kubaki na chaji baada ya kuchomolewa. Kama hukufundishwa kuzimaliza, usizifungue.

Mwenzako akipigwa na akashindwa kuachia, usimguse. Kata umeme kwenye swichi kuu. Kila mtu katika chumba cha kazi ajue ilipo. Kama haifikiki, msukume kwa fimbo kavu au plastiki ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Akiwa hapumui, mtu mmoja aite msaada na mwingine aanze kubonyeza katikati ya kifua: sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kila baada ya mibonyezo 30 pumzi mbili kama umefunzwa kuzitoa. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwa kuwa mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika na jeraha la ndani halionekani kwenye ngozi. Moto ukiwaka kwenye kifaa, kata umeme kwanza, kisha tumia kizimamoto cha kaboni dayoksaidi au cha unga mkavu. Maji hayamwagwi kwenye kitu chenye umeme.

Mwisho, mashine inayotoka mezani kwenda kwa mwenyewe. Kasha likiwa limefungwa na skrubu zote zipo, rudia kile kipimo cha erthi kutoka plagi hadi kasha. Ichomeke, iwashe, kisha pima volti za AC kati ya kasha na erthi ya soketi uliyohakikisha ni nzima. Utasoma sifuri au karibu na sifuri. Ukisoma zaidi ya volti chache, ichomoe na uifungue tena. Mashine hiyo bado haijapona, hata kama inawaka na mteja amesimama mlangoni.